Wagonjwa wa sonona wanasema "nzuri tu, sista", kisha hawarudi kliniki

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni muuguzi mfawidhi wa kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini. Wagonjwa wetu wengi wana sonona. Daktari huwaanzishia amitriptilini, tunawapangia kurudi baada ya mwezi, na wengi wao hatuwaoni tena. Wengine huletwa na ndugu miezi mingi baadaye wakiwa wamezidiwa.

Sasa uongozi umetaka kila kitengo kijifunze kutokana na uzoefu wa wagonjwa ili kuboresha uuguzi. Sanduku la maoni tunalo, lakini karatasi chache zinazopatikana humo zinalalamikia choo na foleni, au zinatushukuru. Niliandaa dodoso la kuuliza mtu ameridhika kiasi gani, karibu wote wakaweka alama ya vema kwenye "nimeridhika sana". Nikimwuliza mtu ana kwa ana, jibu ni lile lile: "Huduma nzuri tu, sista, tunashukuru." Jambo pekee lililonistua ni mama mmoja aliyemwambia mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwamba harudi tena kwa kuwa "walinitangaza dirishani". Nilipowaeleza wenzangu, kila mmoja akaanza kujitetea, mazungumzo yakaishia hapo.

Nawaulizaje wagonjwa hawa bila kuwatonesha? Nikishapata majibu nayafanyia nini, maana tuko wachache na kazi ni nyingi? Na je, nahitaji kibali cha utafiti? Ningependa baadaye kuwasilisha matokeo kwenye mkutano wa wauguzi.

Muuguzi wa kliniki, Nyanda za Juu Kusini

JIBU

Dada Muuguzi,

Dodoso lako limeuliza kitu ambacho mgonjwa wa sonona hawezi kukijibu. Kusema kama ameridhika ni kutoa hukumu, na ni vigumu kumhukumu mtu aliyeshika faili lako na atakayekuandikia tarehe ya kurudi. Hilo ni la wagonjwa wote. Kwa wa sonona kuna zaidi: kujiona hafai, kujilaumu na kuona amewaangusha watu wake ni dalili ya ugonjwa wenyewe, ndiyo maana swali la 6 la PHQ-9 (dodoso la maswali tisa la kupima sonona) linaligusa jambo hilo. Mtu anayeamini kwamba hastahili kuhudumiwa hatalalamika kuwa amehudumiwa vibaya. Atajilaumu yeye. Basi usimwulize anaionaje huduma, mwulize nini kilitokea, hatua kwa hatua.

Kabla ya maswali, fikiria unamwuliza nani. Wanaokuja kliniki ni wale walioweza kuvumilia dawa, nauli na dirisha. Ukiwahoji hao pekee utajifunza kwa nini watu wanabaki, na tatizo lako ni wanaoondoka. Chukua daftari la kliniki, orodhesha walioanzishiwa dawa miezi mitatu hadi sita iliyopita, kisha gawa mafungu mawili: wanaoendelea na waliopotea. Kwa awamu ya kwanza watu 8 hadi 12 wanatosha, nusu yao wawe wametoka kwenye fungu la waliopotea. Changanya: wanaume wawepo (mara nyingi husahaulika), mama aliyejifungua karibuni, mzee, kijana, anayetumia ARV, na anayetoka kijiji cha mbali. Mgonjwa ambaye bado yuko katika hali mbaya mwache kwanza. Sonona hupunguza kasi ya kufikiri na kusema, na mahojiano marefu humchosha bure. Subiri apate nafuu, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8 za matibabu, ndipo umwombe.

Kuwapata waliopotea kunahitaji uangalifu. Simu nyingi vijijini hutumiwa na watu wawili au watatu, kwa hiyo usitume ujumbe wenye jina la kliniki wala la dawa. Piga, na akipokea mtu mwingine sema tu kwamba unamtafuta mama fulani, utapiga tena. Ukimpata mwenyewe, kwanza uliza, "Uko mahali unapoweza kuongea?" Asiposema ndiyo, pangeni saa nyingine. Kuanzia sasa, mgonjwa mpya aulizwe siku ya kwanza: tukupigie namba ipi, nani anajua unakuja hapa, na akipokea mwingine tuseme nini? Andika majibu hayo ndani ya faili, si juu ya jalada.

Mwulizaji asiwe wewe wala muuguzi yeyote wa kliniki hiyo. Omba muuguzi wa wodi nyingine au afisa ustawi wa jamii, nanyi mtamlipa kwa kumsaidia kazi kama hiyo kitengoni kwake. Chumba kisiwe chenye kibao cha afya ya akili mlangoni. Tenga dakika 30 hadi 40. Ndugu aliyemsindikiza akae nje kwanza, kisha mwulizaji aongee na ndugu huyo peke yake baadaye, kwani ndiye aliyeona usiku ulivyokuwa.

Mazungumzo yanaweza kuanza hivi: "Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, sifanyi kazi kwenye kliniki unayotibiwa. Tunataka kujua mambo yalivyokwenda ili tuyarekebishe. Ukikataa kuongea, dawa zako na matibabu yako yanabaki vile vile. Jina lako siliandiki pamoja na maneno yako." Halafu: "Nieleze siku ile ya kwanza, tangu ulipotoka nyumbani." Baada ya hapo kazi kubwa ya mwulizaji ni kusema "kisha ikawaje?" na kunyamaza. Kimya kikiwa kirefu asikijaze, mgonjwa bado anatafuta neno. Maswali machache ya kumwongoza yanatosha. Wapi ulitamani kugeuza urudi nyumbani? Nani alisema neno likakusaidia, au likakuumiza? Ulipofika nyumbani ukameza kidonge cha kwanza, usiku ule ulikuwaje? Mara ya mwisho ulipokusudia kuja ukashindwa, asubuhi ile ilikuwaje? "Kwa nini uliacha dawa?" liepukwe kabisa. Mgonjwa husikia lawama, na atakupa jibu la kuipunguza lawama hiyo, kwa kawaida nauli. Nauli ni tatizo la kweli, lakini mara nyingi hutajwa kwanza kwa sababu haimuudhi mtu.

Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa. Akisema "kichwa kinawaka moto" au "moyo ulikuwa mzito hata kuni siwezi kuokota", yabaki hivyo. Ukiyageuza kuwa "maumivu ya kichwa" na "uchovu" umeyafuta, na hayo ndiyo maneno mtakayohitaji kumwelezea mgonjwa mwingine ugonjwa wake.

Je, mtawatonesha? Wengi huona nafuu kusikilizwa, ila jiandaeni kwa yule atakayesema amechoka kuishi. Kabla ya mahojiano ya kwanza, mwulizaji ajue tabibu gani yupo siku hiyo na atampelekaje mgonjwa. Mtu akigusia kifo, aulizwe waziwazi: unawaza kujiua? Umepanga jinsi? Vitu hivyo unavyo nyumbani? Umewahi kujaribu? Leo utalala na nani? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Mahojiano yanasimama hapo hapo. Mgonjwa asiachwe peke yake hata kwa dakika za kutafuta faili, aonwe na tabibu siku hiyo hiyo, na kwa idhini yake ndugu anayeaminika aambiwe aondoe nyumbani dawa za shamba na vidonge vilivyobaki. Maisha yakiwa hatarini na idhini ikakosekana, ndugu ahusishwe hata hivyo, kwa kumweleza yale tu yanayohitajika kumlinda.

Kuna sababu nyingine ya watu kuficha jambo hili. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha namna hiyo, na Mahakama Kuu ilikitamka kuwa kinyume cha katiba tarehe 9 Januari 2025. Mgonjwa wako anaweza asijue namba ya kifungu, lakini amesikia habari za mtu aliyeokolewa akapelekwa polisi. Ndiyo maana swali la 9 la PHQ-9 likiulizwa kwa sauti mbele ya watu hujibiwa "hapana". Liulizwe mlango ukiwa umefungwa, na aelezwe kabla: tunauliza ili tukutibu.

Sasa majibu. Usiyageuze kuwa asilimia. Bandika karatasi kubwa ukutani, uandike juu yake vituo anavyopita mgonjwa: nyumbani, geti, mapokezi, dirisha la kadi, benchi, chumba cha daktari, dirisha la dawa, usiku wa kwanza, wiki ya pili, siku ya kurudi. Chini ya kila kituo weka maneno ya wagonjwa, chini yake yale wauguzi waliyokuwa wakifanya wakati ule, na chini kabisa kitu kinachoweza kubadilishwa. Utagundua kwamba sehemu kubwa ya yaliyowaumiza imetokea mahali ambapo hakuna muuguzi aliyedhani anatoa huduma.

Wenzako watakuuliza kama neno la mtu mmoja linatosha kubadilisha utaratibu. Linatosha likihusu siri au madhara, kama la mama yule. Kumwita mtu kwa jina na kutaja kliniki yake dirishani ni kosa hata kama limemuumiza mmoja tu, na dawa yake ni nyepesi: vipande vya namba, kadi zisizotofautiana rangi na za kliniki nyingine, na agizo kwamba jina la ugonjwa halitamkwi nje ya chumba. Kama ni suala la mtu kupenda hiki au kile, ngojea lijirudie kwa wengine.

Nakuomba ukae zaidi kwenye usiku wa kwanza na wiki ya pili, maana nadhani hapo ndipo wagonjwa wako wanapopotelea. Amitriptilini huleta maudhi siku ile ile: kinywa kikavu, usingizi mzito unaoendelea hadi asubuhi, kizunguzungu akisimama, choo kigumu, macho kuona ukungu. Nafuu ya moyo huchelewa, mara nyingi wiki 2 hadi 4, na kupima kama dawa inafaa huhitaji wiki 4 hadi 6 kwenye dozi kamili. Kwa mgonjwa ambaye hakuambiwa haya, hesabu ni rahisi: nilikuwa na huzuni, sasa nina huzuni na kizunguzungu. Anaacha, na kwa alichokuwa anakijua, uamuzi wake una mantiki. Kumpangia arudi baada ya siku 30 ni kumwacha peke yake katika kipindi kigumu kuliko vyote.

Kuna mtego mwingine hapa ambao muuguzi anaweza kuuona kabla ya daktari. Dozi huanza na miligramu 25 usiku na kupandishwa taratibu, kwa kawaida miligramu 25 hadi 50 kila wiki. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kutibu magonjwa ya akili pasipo na daktari bingwa, unataja miligramu 75 kuwa dozi ya chini kabisa inayotibu sonona kwa mtu mzima. Lakini miligramu 25 inatosha kuleta usingizi. Mgonjwa akirudi anasema "nalala vizuri", wote wanafurahi, dozi inabaki pale pale kwa miezi na sonona inabaki nayo. Akikwambia amelala lakini bado haoni ladha ya maisha, tazama dozi kwenye faili na umwambie daktari siku hiyo.

Maelezo ya muuguzi siku ya kwanza yasizidi mambo matano au sita. Ameze saa 1 au 2 usiku, si saa 5, ili uzito wa asubuhi upungue. Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Maji kidogo kidogo mara nyingi, papai na mboga za majani. Pombe asiguse. Maudhi mengi hupungua baada ya wiki moja au mbili, nafuu inakuja nyuma yake. Mkojo ukigoma au moyo ukienda mbio, aje mara moja bila kungoja tarehe. Kisha sema: "Nimeongea mengi, hebu nieleze utakavyomeza leo usiku nione kama nimeeleza vizuri." Akikosea, aliyeeleza vibaya ni muuguzi, na arudie kwa maneno mengine.

Mzee mwenye shida ya tezi dume, mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye presha ya macho asipite kimya kimya. Mwambie daktari kabla dawa haijatolewa, huenda fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ikamfaa zaidi. Hiyo humezwa asubuhi, hufukuza usingizi kwa baadhi ya watu, na wiki ya kwanza huleta kichefuchefu na wasiwasi. Mwenye mawazo ya kujiua asikabidhiwe amitriptilini ya mwezi, kwa kuwa ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo. Apewe ya wiki moja, na ishikwe na ndugu. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, na kwa kila anayeanza dawa, wiki za mwanzo ni za kuwa macho: nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla mawazo ya kifo hayajaondoka.

Kuhusu "kaza moyo", "una watoto wazuri, shukuru Mungu" na "acha kuwaza sana", hayo yatajitokeza kwenye mahojiano, nina hakika. Wauguzi huyasema kwa upendo. Mgonjwa husikia kwamba kushindwa kwake ni uzembe au upungufu wa imani. Mbadala wake ni mfupi: "Huu ni ugonjwa, una matibabu, hukujitakia. Nitakuwa na wewe." Mwenye imani yake aachwe nayo, asipimwe kwayo.

Wenzako walijitetea kwa sababu habari iliwafikia kama shitaka. Uingereza kuna njia iliyobuniwa na Paul Bate na Glenn Robert katikati ya miaka ya 2000, ikaanzia kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo: wagonjwa wanarekodiwa wakieleza safari yao, kisha wanakaa na watumishi kuchagua pamoja cha kubadilisha. Chukua wazo, acha kamera. Wilayani uso na sauti ya mtu vinajulikana. Badala yake chagua vipande vitatu vifupi, ondoa kijiji, kazi na umri, na umtafute msomaji asiyetoka kitengoni. Anza na kipande cha kitu kilichosaidia. Mara nyingi kitakuwa tendo dogo la muuguzi aliyepo pale. Kisha vile viwili vigumu, bila kuuliza nani alikuwa zamu. Dakika 45, chai iwepo, na mtoke na badiliko moja tu. Wagonjwa wawili waliopona, wakikubali, wakae kikao cha pili cha kupanga. Warudishieni nauli yao.

Kwa ninavyoona, badiliko la kwanza liwe hili: kila anayeanzishiwa dawa apigiwe simu siku ya 3 hadi ya 5, na aonwe siku ya 14. Jaribuni kwa wagonjwa watano wa kwanza, mrekebishe, ndipo mwendelee. Simu ni ya dakika tano: umelala vipi, kinywa, kizunguzungu, choo, umemeza dawa lini mara ya mwisho, mawazo ya kifo yapo? Andika nani anapiga na siku gani, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Vocha iwekwe kwenye bajeti ya kitengo, isitoke mfukoni mwa muuguzi. Mkimtegemea mwenye moyo wa kujitolea, utaratibu utakufa siku akipata uhamisho.

Kipimo chako kiwe walioanzishiwa dawa ni wangapi, na kati yao waliorudi siku ya 14 na ya 28 ni wangapi. Ongeza PHQ-9 ya siku ya kwanza na ya wiki ya 8. Alama ni 0 hadi 27. Kushuka kwa nusu ni dalili kwamba tiba inafanya kazi, na chini ya 5 ndiyo shabaha. Mgonjwa akifika hapo msimwache aache dawa: huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha hupunguzwa polepole. Linganisha na miezi mitatu kabla ya badiliko kutoka daftari lile lile. Namba zikibaki pale pale, rudini kwa wagonjwa wengine wanne mkawasikilize.

La kibali. Kuboresha huduma ndani ya kitengo kunahitaji ruhusa ya maandishi ya mganga mfawidhi na ridhaa ya kila mgonjwa. Lakini ukikusudia kuwasilisha mkutanoni au kuchapisha, omba kibali cha maadili kabla ya kuhoji mtu wa kwanza, kwa kuwa hakitolewi kwa kazi iliyokwisha fanyika. Anzia kwa mratibu wa afya ya akili wa mkoa, akuelekeze kwenye kamati ya chuo kikuu kilicho karibu au ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo tumia namba badala ya majina, orodha inayounganisha namba na majina ifungiwe kabati jingine, na kama mlirekodi sauti ifutwe mara maandishi yakikamilika. Fomu ya ridhaa iwe na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, na isomwe kwa sauti kwa asiyesoma. Iwe na sentensi inayomwambia mgonjwa kwamba anaweza kufuta maneno yake hata baada ya kwenda nyumbani, na namba ya simu ya kumpata mtu wa kumwambia.